Mshindi Asiyepigiwa Kura

Misima ni kata ya wilaya ya Handeni, kando ya njia itokayo Handeni kwenda Korogwe. Mkulima wa Misima aliye na gunia la mahindi la kuuza, au mgonjwa wa kupeleka hospitali, huijua njia hiyo kama aujuavyo uwanja wa nyumba yake. Mahali fulani katika mwendo huo huvuka mpaka wa jimbo la uchaguzi, wala hapana jiwe wala mti umwambiao ya kuwa amevuka. Ardhi ni ile ile na jua ni lile lile. Lakini mwezi wa Septemba 2018 mpaka huo ulikuwa na maana kubwa. Upande wa Korogwe Vijijini kiti cha Bunge kilikuwa kitupu tangu Julai, alipofariki mbunge wake, Stephen Ngonyani. Uchaguzi mdogo uliwekwa kufanywa tarehe 16 Septemba, siku moja na ule wa Ukonga na wa Monduli. Ukonga walipiga kura. Monduli walipiga kura. Korogwe Vijijini hawakumpigia mtu kura ya ubunge, kwa kuwa mbunge wao alikwisha patikana: mgombea wa Chama cha Mapinduzi, Timotheo Mnzava, alibaki peke yake katika orodha, akatangazwa kuwa amepita bila ya kupingwa.

Jina la mbunge huyo limetajwa kwa sababu limo katika kumbukumbu zilizo wazi kwa kila mtu. Hoja hii si juu yake. Mtu aliyejaza fomu yake sawasawa na kuirudisha kwa wakati hana la kujibu. Wala hapa haitafutwi hukumu juu ya fomu za wapinzani wake, kwamba zilichelewa, au zilikosewa, au zilikataliwa pasipo haki. Hayo ni mabishano ya vyama, na vyama vina midomo ya kujisemea. Asiye na mdomo katika shauri hili ni mpiga kura. Yeye hakuchelewa popote. Alijiandikisha, akaitunza kadi yake, akaingoja siku; na siku ilipofika akaambiwa ya kuwa kazi yake imekwisha fanywa na wengine mezani.

Desturi hii ina watetezi wengi, na wengine wao ni watu wa elimu. Yafaa kuanza na lugha yao, maana lugha ndiyo iliyowapa nusu ya ushindi. Husema "amepita", kama asemwavyo mwanafunzi aliyeshinda mtihani. Lakini mwanafunzi hupita baada ya kuulizwa maswali, na huyu amepita kwa kuwa maswali yalifutwa. Husema "bila ya kupingwa", na katika masikio ya Waswahili neno kupinga lina harufu ya ukorofi: apingaye shauri la wazee, apingaye amri, apingaye maendeleo. Kwa hiyo asiyepingwa huonekana kuwa mtu mwema aliyependwa na wote, na ambaye angesimama naye huonekana kuwa mkorofi aliyezuiwa kwa bahati njema. Ingesemwa kwa maneno yaliyo wazi ya kuwa "amepewa ubunge bila ya kupigiwa kura", wachache wangethubutu kupiga vigelegele. Husema tena "mshindi". Kushinda ni kitendo cha watu wawili au zaidi. Mkimbiaji aliyeachwa peke yake uwanjani hufika mwisho wa uwanja, na huenda akafika kwa mbio nzuri sana, lakini hajamshinda mtu.

Na liko neno lenyewe, uchaguzi. Limetoka katika kuchagua, na kuchagua ni kutwaa kimoja na kuacha kingine. Mnunuzi aliyewekewa embe moja tu hachagui embe. Hununua au huenda zake. Wanasheria wa zamani walioandika ya kuwa mgombea aliye peke yake "atahesabiwa kuwa amechaguliwa" walikuwa waangalifu kuliko wanasiasa waliowafuata. Walijua ya kuwa hakuchaguliwa. Ndiyo sababu walisema atahesabiwa.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni ya umoja. Wao husema: palipo na mgombea mmoja, pana watu wenye nia moja, kuwalazimisha wapigane ni kuiga desturi za Ulaya. Ni hoja ya kale nayo ina heshima yake, kwa kuwa iliwahi kusemwa kwa moyo safi katika nchi hii hii. Basi isikilizwe vizuri, na isikilizwe pamoja na jibu ambalo wenye hoja hiyo walijipa wenyewe.

Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ule wa 1958 na 1959, Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia, mwezi wa Septemba 1958. Waliopewa haki ya kupiga kura walikuwa wachache: mtu alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi ya madaraka iliyotambuliwa na serikali, na kila mpiga kura alilazimishwa kuwapigia watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Nchi nzima walioandikishwa hawakutimia elfu sitini. Mkulima wa Misima asiye na cheo wala cheti hakuwamo. Alikuwa mtazamaji wa uchaguzi uliohusu maisha yake. TANU iliingia katika uchaguzi ule kwa shida, baada ya mabishano makali ya Tabora mwezi wa Januari 1958, ikashinda, na masharti yale yalianza kulegea.

Mwaka wa 1960 mlango ukafunguliwa zaidi. Watu kama 885,000 waliandikishwa. Viti vilikuwa 71. Tarehe 30 Agosti 1960 ilipofika, viti 58 kati ya hivyo vilikuwa vimekwisha kwenda kwa wagombea wa TANU bila ya kupingwa. Viti 13 tu ndivyo vilivyopigiwa kura, na watu waliofika vituoni nchi nzima walikuwa kama 121,000. Hapana aliyekuwa na shaka wakati ule ya kuwa TANU ilipendwa. Ilipendwa kweli kweli. Lakini matokeo ya mapenzi hayo yalikuwa haya: watu zaidi ya laki saba waliojiandikisha kwa mara ya kwanza katika maisha yao, wengi wao wakiwa ni wale wale walioachwa nje mwaka wa 1958, hawakupata nafasi ya kutumbukiza karatasi hata moja. Mkoloni aliwazuia kwa kuwauliza mapato yao, na baada ya miaka miwili umoja wao wenyewe ukawazuia.

Jambo hili halikufichika kwa Julius Nyerere. Katika maandishi yake ya 1963 juu ya demokrasia na vyama alilieleza, na Tume ya Rais iliyoundwa mwaka wa 1964 chini ya Rashidi Kawawa, ikatoa taarifa yake mwaka wa 1965, ililishika kama sababu mojawapo ya kubadili utaratibu. Yaani wale waliotaka chama kimoja kwa sheria walikiri, kabla ya kitu kingine, ya kuwa kupita bila ya kupingwa kulikuwa kumemnyang'anya raia haki yake. Dawa waliyoitoa yaweza kukosolewa kwa mengi. Ilimfungia nje kila asiyekuwa mwanachama, na iliipa Halmashauri Kuu ya chama mamlaka ya kupunguza majina hadi mawili. Lakini ilishika shina moja: mpiga kura lazima awe na majina mawili mbele yake. Septemba 1965 karibu majimbo yote yalikuwa na wagombea wawili, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba, wote wa TANU. Ikatokea nini? Wabunge wengi waliokuwamo waliangushwa. Paul Bomani, waziri wa fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Usukuma na kusimama mstari wa mbele katika siasa za uhuru, alishindwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alichaguliwa na watu wa Morogoro kwa kura nyingi mno, wakati wakubwa wengi mjini walidhani ya kuwa wanakijiji wangetazama rangi. Watu wale wale waliodhaniwa kuwa na nia moja walionyesha, walipopewa karatasi yenye majina mawili, ya kuwa walikuwa na nia nyingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za busara.

Umoja wa kweli hauogopi kuhesabiwa. Kama jimbo lote lampenda mtu mmoja, na wahesabu, naye apate kura zote. Gharama yake ni karatasi na wino. Umoja usiokubali kuhesabiwa haujulikani kama ni umoja au ni ukimya, na tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko tofauti ya chama na chama.

Majirani nao walipita njia hiyo hiyo wakajikwaa. Kenya, mwanzoni mwa 1988, KANU iliwapanga wanachama wake milolongo mchana kweupe nyuma ya wagombea. Na aliyehesabiwa kuwa na asilimia 70 ya mlolongo alikuwa mbunge papo hapo, pasipo kura ya siri katika jimbo lake. Kanuni hiyo ya asilimia 70 iliondolewa mwishoni mwa 1990, baada ya kukitia chama chenyewe aibu, na mwaka mmoja baadaye vyama vingi vikarudi.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote, hata hivyo, uko mbali, katika visiwa vya Karibi, katika nchi yenye desturi ya uchaguzi wa Kiingereza na vyama viwili vyenye nguvu sawa. Mwaka wa 1980 Jamaika ilifanya uchaguzi uliomwaga damu nyingi. Chama cha Labour cha Edward Seaga kilishinda viti 51 kati ya 60, na chama cha Michael Manley, People's National Party, kikapata 9. Vyama vyote viwili vilikubaliana ya kuwa kabla ya uchaguzi mwingine daftari la wapiga kura lingeandikwa upya. Kisha, mwezi wa Oktoba 1983, majeshi ya Marekani yaliingia Grenada, Jamaika ikiwa upande wake, na sifa za Seaga nyumbani zikapanda kwa ghafula. Naye hakungoja. Aliitisha uchaguzi wa tarehe 15 Desemba 1983 kwa daftari la zamani, ambalo halikuwa na jina la kijana hata mmoja aliyetimia umri baada ya kuandikwa kwake, na siku za kurudisha majina ya wagombea zilikuwa chache mno. Chama cha Manley kilikataa kuingia. Siku ya majina ilipokwisha, viti 54 kati ya 60 vilikuwa na mgombea mmoja mmoja. Viti sita tu ndivyo vilivyopigiwa kura, na vyote vikaenda kwa chama hicho hicho. Bunge lililofunguliwa lilikuwa na wabunge sitini wa chama kimoja, na kiti cha Kiongozi wa Upinzani kilikaa vumbi.

Wapo watakaosema ya kuwa kosa lilikuwa la Manley, kwa kususa. Huenda. Kususa uchaguzi ni silaha ikatayo pande zote mbili, na mara nyingi humkata zaidi aishikaye. Lakini tazama aliyoyafanya Seaga mwenyewe baada ya kupata yote. Katiba ya Jamaika ilitenga viti vinane vya Seneti kwa ajili ya watu wa upinzani. Upinzani haukuwapo. Akateua watu wanane wasio wa chama chochote wakae mahali pale. Mtu aliyekuwa na viti vyote sitini alitafuta watu wa kumpinga kwa kuwateua! Kwa kitendo hicho alikiri ya kuwa Bunge lisilopingwa si Bunge kamili, na ya kuwa ushindi wake ulikuwa na tundu ambalo yeye mwenyewe alilazimika kulizibia viraka. Wananchi walilieleza jambo hilo kwa njia yao mara ya kwanza walipopata nafasi: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 1986 walikipa ushindi mkubwa chama kilichokuwa nje ya Bunge.

Asije mtu akataja Barbados kuwa ni hoja ya kinyume. Ni kweli ya kuwa katika kisiwa hicho chama kimoja kilitwaa viti vyote 30 mwaka wa 2018, kikarudia kuvitwaa vyote 30 mwezi wa Januari 2022. Lakini kila kiti kilishindaniwa. Mwaka wa 2022 chama hicho kilipata kama asilimia 69 ya kura. Maana yake ni kwamba watu karibu watatu katika kila kumi walisema la, na idadi yao imeandikwa. Inaweza kulaumiwa hesabu ya majimbo, ambayo huigeuza asilimia 69 kuwa mia. Ni lawama ya haki, na Zanzibar waijua, maana mwaka wa 1963 chama cha ASP kilipata kura kama asilimia 54 na viti 13 tu kati ya 31. Walakini huo ni ugonjwa mwingine. Aliyeshindwa kwa kura anazo kura zake mkononi. Ajua ni ngapi, ajua zimetoka kijiji gani, aweza kurudi baada ya miaka mitano akiziongeza. Aliyekatwa mezani hana kitu. Na waliokuwa wampigie hawajui hata kama walikuwa wachache au wengi.

Na kwa kuwa Zanzibar imetajwa, liwekwe hapa jambo moja kwa wale wanaosema ya kuwa kura za wachache hazibadili kitu. Januari 1961, katika uchaguzi wa viti 22, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Kura hiyo iliipa ASP kiti chake cha kumi. ZNP ilipata tisa, ZPPP vitatu. Na hao watatu walipogawanyika, wawili huku na mmoja kule, pande zikawa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, hata serikali isiweze kuundwa na uchaguzi ukarudiwa Juni. Kama mtu mmoja wa Chake Chake angalilala nyumbani siku ile, au angalikwenda shamba, historia ya visiwa ingalikwenda kwa njia nyingine. Basi ni nani atakayekaa ofisini na fomu mkononi aamue ya kuwa kura za jimbo zima hazihitajiki?

Hapo watetezi hurudi na hoja yao iliyo nzito kuliko zote. Juni 1961! Watu 68 waliuawa Unguja siku za uchaguzi uliorudiwa. Jamaika ya 1980 ilizika mamia. Je, si afadhali mbunge apite kimya, kuliko apite juu ya makaburi?

Ni swali la haki, na hastahili jibu la haraka anayeliuliza kwa huzuni. Lakini laanza na dhana ya kuwa karatasi ndiyo iletayo damu, na ya kuwa karatasi ikiondolewa damu haitamwagika. Mambo yaliyotokea yasema vingine. Katika serikali za mitaa mwezi wa Novemba 2019 wagombea wa upinzani walikatwa kwa wingi, vyama vyao vikajitoa, na viti zaidi ya asilimia 99 vikaenda kwa chama kimoja. Oktoba 2020 wabunge zaidi ya ishirini walipita bila ya kupingwa. Aprili 2025 Tume ilitangaza ya kuwa CHADEMA, kwa kutotia sahihi kanuni za maadili, haitashiriki. Baadaye jina la mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, likaondolewa. Kwa hesabu ya watetezi, Oktoba 2025 ilipasa kuwa mwezi wa amani kuliko yote: karatasi ilikuwa na majina, lakini majina ambayo wapinzani wengi waliyataka hayakuwamo, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66. Badala yake tarehe 29 Oktoba watu waliingia mabarabarani, wengine wakauawa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa, na mwezi wa Novemba Rais akaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Hakuna amani iliyonunuliwa kwa kuwaondoa washindani. Ugomvi uliokuwa uhesabiwe masandukuni ulitoka nje ukajihesabu barabarani.

Hoja ya gharama haihitaji maneno mengi. Uchaguzi ni ghali, ndiyo. Kadhalika Bunge ni ghali, na magari yake, na posho zake. Wala hapana aliyesema ya kuwa kwa kubana matumizi wabunge wakae nyumbani. Ubahili uanzao kwa mpiga kura na kukoma kwa mpiga kura hauna sura ya ubahili.

Sasa itasemwa ya kuwa yote haya ni vita juu ya maiti. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani ya mwaka 2024 imekwisha futa kupita bila ya kupingwa. Mgombea akibaki peke yake hupelekwa mbele ya wananchi wapige kura ya Ndiyo au ya Hapana. Ni kweli, na ni hatua njema, na waliodai hatua hiyo kwa miaka mingi wastahili shukrani. Yastahili pia kuulizwa kwa nini ilichelewa, hali Katiba yenyewe, katika ibara ya 41, ilikuwa imesema tangu zamani ya kuwa mgombea urais akiwa peke yake lazima wananchi wamkubali au wamkatae kwa kura. Rais wa nchi alitakiwa kuinama mbele ya mpiga kura wa Misima hata akiwa peke yake. Mbunge wa jirani hakutakiwa. Ni ajabu ya sheria iliyodumu mbele ya macho ya wanasheria wote.

Lakini Ndiyo na Hapana si uchaguzi, na wazee wanaokumbuka miaka ya chama kimoja waijua karatasi hiyo: upande mmoja picha ya mtu, upande wa pili kivuli cheusi. Hapana aliyewahi kushindwa na kivuli. Kivuli hakifanyi mkutano, hakina sera, hakiwezi kuulizwa swali uwanjani wala kumjibu mwenziwe. Asemaye Hapana humkataa mtu, lakini hawezi kusema amtaka nani. Na jirani yake, anayemwona mgombea huyo kuwa wa wastani tu, hana wa kumlinganisha naye, basi husema Ndiyo kwa uvivu au habanduki nyumbani. Sheria mpya imetibu neno. Meza iko pale pale.

Na meza ndiyo habari yenyewe. Wanafunzi wa siasa huandika vitabu juu ya siku ya kura: vituo, masanduku, mawakala, kuhesabu. Waangalizi wa kigeni hufika wiki mbili kabla ya siku hiyo na makoti yao yenye mifuko mingi, wakaondoka wiki moja baadaye. Lakini chaguzi nyingi zilizotajwa hapa ziliamuliwa siku ya kurudisha fomu, saa kumi ya alasiri, katika chumba chenye meza, mhuri na mtu mmoja. Mgombea ubunge hutakiwa awe na wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa katika jimbo lake, aape, alipe dhamana, ajaze kila mstari. Mahitaji haya si makubwa. Ubaya wake ni kwamba kosa lolote katika hayo, hata herufi, huweza kuwa hukumu ya kifo, na mwenye kuhukumu ni msimamizi wa uchaguzi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa ni mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais aliye mwenyekiti wa chama kimojawapo kati ya vinavyoshindana. Mahakama Kuu ilisema mwezi wa Mei 2019 ya kuwa jambo hili halipatani na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka ule ule. Mwezi mmoja baadaye ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, katika nchi hii hii, ilisema ya kuwa utaratibu huo unavunja haki.

Inashangaza kuona jinsi kosa la fomu linavyopewa uzito ambao hakuna kosa jingine la maandishi linapewa. Hati ya shamba ikikosewa jina hurudishwa irekebishwe. Cheti cha kuzaliwa kikikosewa herufi kina utaratibu wake wa kusahihishwa. Mwanafunzi aliyesahau kuandika tarehe katika jibu lake hafukuzwi chuoni. Ni fomu ya ugombea peke yake ambayo ikikosewa mstari mmoja humwondoa mwenye fomu, na pamoja naye huondoa haki ya maelfu ya watu ambao hawakuiona fomu hiyo wala kuigusa.

Dawa yake haihitaji Katiba mpya, ingawa Katiba mpya ina sababu zake nyingine. Fomu yenye kosa la maandishi irudishwe kwa mwenyewe kwa muda wa siku tatu airekebishe. Apokeaye fomu asiwe mtu aliyeteuliwa na mmoja wa wanaoshindana. Rufani zisikilizwe na hakimu, hadharani, na zikatwe kabla ya karatasi kupelekwa kiwandani. Na pale ambapo baada ya yote hayo jina moja tu limebaki, mlango wa majina ufunguliwe tena kwa siku saba, ili chama chochote au raia yeyote aweze kusimama. Maana si lazima anayesimama ashinde, lakini ni lazima anayeshinda awe amesimamiwa na mtu. Likishindikana hilo pia, ndipo kivuli kiletwe.

Hadi hayo yafanyike, wabunge waliopita mezani watakaa Bungeni pamoja na waliopita vituoni, watapiga kura sawasawa na wenzao juu ya kodi na ardhi na bei ya mahindi, na mgeni aliye juu ukumbini hatawatambua. Mkulima wa Misima, akiuliza mwakilishi wa jirani zake alipata kura ngapi mwaka wa 2018, atajibiwa na kumbukumbu za serikali ya kuwa hazipo. Jamaika, ambayo ilikuwa na vyama viwili vyenye nguvu, na magazeti, na majaji waliovaa mawigi ya Kiingereza, ilikaa na Bunge la namna hiyo miaka mitano na zaidi. Tarehe 9 Februari 1989 watu wakapewa karatasi yenye majina yote. Chama kilichokuwa na viti sitini kikabakiwa na kumi na vitano.